Deheni ya Mwanafatuma

Mwanafatuma binti Jumbe hakuwa na subira na chombo kinachovuja. Ukipanda mashua yake ukaona maji kidogo yamejikusanya miguuni mwako, usithubutu kumwambia kwamba ni jasho la mbao tu, kama wasemavyo wenye vyombo wavivu. Angekutazama mpaka ujihisi wewe ndiye uliyetoboa. Kisha angeinama, apitishe kidole kwenye maungio, na papo hapo akutajie ni ubao wa ngapi kutoka mkukuni, ule uti wa chini wa chombo, na ni msumari upi uliolegea. Sikuwahi kumwona akikosea, na nilikuwa nikimvizia akosee.

Mimi ni Waziri, shemeji yake. Marehemu mumewe, Sefu, alikuwa kaka yangu, tumbo moja. Nimeshika pondo, ule mti mrefu wa kusukumia chombo, katika mashua ile tangu nikiwa na meno yote, na sasa naandika haya nikiwa mzee mwenye hasira. Nyingi ya hasira hizo nazistahili mwenyewe, kama utakavyoona.

Kisiwa chetu, Kirimbani, ni kipande cha jiwe ndani ya mikoko, mkabala na Bodo, mwendo kidogo kusini ya Msambweni. Kati yetu na bara pana mkondo unaojaa na kukauka mara mbili kwa siku. Maji yakitoka unaweza kuvuka kwa miguu, ukizama tope hadi magotini, na ukifika ng'ambo huna hamu ya salamu ya mtu. Yakijaa, huvuki ila kwa chombo. Mashua ya Mwanafatuma ndiyo iliyokuwa kivuko chetu. Ilibeba waendao hospitali, waendao kukata miwa Ramisi, mbuzi, magunia ya makaa, maharusi. Ilibeba na maiti, kwa kuwa Kirimbani ukichimba shibiri mbili unagonga jiwe, na wafu wetu wote wamelala Bodo. Jeneza huvuka limelala sawasawa, haliinamishwi, nayo mitumbwi yetu haina upana wa kazi hiyo.

Sefu alimpa mkewe mashua ile akiwa hai, mbele ya mashahidi, kwa sababu mbao zake zilinunuliwa kwa bangili za harusi za Mwanafatuma. Jambo halikuwa na utata. Lakini mama yetu, Bi Kibibi, hakulikubali. "Chombo kina mwanamume," akisema, na mwanamume aliyemkusudia ni mimi. Sefu alipofariki mwaka wa hamsini na tisa, mama alidhani mjane atachoka baada ya miezi mitatu. Mjane hakuchoka. Mkwe na mama mkwe wakaishi mlango kwa mlango miaka minne, shikamoo na marahaba zikipita kila asubuhi bila kukosa, na mashua imelala katikati yao haitajwi. Na mimi, sitajisafisha, niliitamani. Nilikuwa mtu mzima ninayeamrishwa na mwanamke mbele ya abiria, tena mara nyingi alikuwa na haki.

Kazi ya mashua ni kama ya mtoto mchanga, haina siku ya mapumziko. Alfajiri alichota maji ya ngama, yale yanayokusanyika chini kabisa. Akaiosha kwa maji ya chumvi, kamwe si ya kisima, kwa kuwa maji matamu huozesha mbao. Ikilala mchana bila kazi aliifunika makuti, jua lisije likaifungua maungio. Ndani aliipaka sifa, mafuta ya maini ya papa, ambayo harufu yake ilituandama mpaka kwenye karamu za watu. Na mara mbili kwa mwaka, siku za bamvua, maji yanapojaa kupita kawaida, tuliisukuma juu kabisa ufukweni, tukaiegemeza kwa magadi, yale magogo ya kushikilia chombo, tukasubiri bamvua la pili baada ya wiki mbili lije kuichukua. Ndani ya wiki mbili hizo kila kitu kimalizike. Ukichelewa, maji hayafiki tena pale juu, na kisiwa kizima kinakaa bila kivuko mpaka bamvua jingine.

Mwaka wa sitini na tatu, watu wote wakibishana kama Mwambao utakuwa wa Sultani au wa Kenya, sisi wawili tulikuwa chini ya tumbo la mashua tukibishana juu ya ubao mmoja uliotobolewa na funza wa baharini. Mimi nilitaka tuuzibe. Yeye alitaka ung'olewe. Ukang'olewa, ukawekwa mpya. Tukakwangua magamba yaliyoganda, tukapitisha moto wa makuti kuua waliojificha, tukatia kalafati ya pamba iliyoloweshwa mafuta katika kila ufa. Ikabaki deheni.

Deheni ni shahamu ya mnyama iliyoyeyushwa na kukorogwa na chokaa. Hupakwa tumbo lote la chombo, na hiyo ndiyo ngao yake dhidi ya funza. Wenzetu walipaka shahamu yoyote waliyoipata. Mwanafatuma alikuwa na sharti lake. "Mashua hii huenda na watu msikitini na huenda na maiti makaburini," akisema. "Mnyama ambaye hakuchinjwa kwa bismillahi asiiguse."

Nikatumwa Msambweni. Mwenye bucha akaniambia hajachinja tangu juzi, nijaribu Ramisi. Jua lilikuwa kali, na mguu wangu una tatizo lake la tangu zamani, na kwa kweli sikutaka tu. Pale sokoni nikakutana na Fondo, Mduruma mmoja tuliyekata naye miwa zamani, ambaye sasa alikuwa mpishi wa bibi mmoja wa Kizungu huko Diani. Alikuwa amekuja kununua samaki kwa gari la nyumba ile.

"Shahamu tu ndiyo inayokuhangaisha?" akasema Fondo. "Jikoni kwetu kuna debe zima. Tulichinja mbuzi Jumapili. Twende, dereva atakurudisha."

Nikaenda. Akanipa debe, nusu yake shahamu nyeupe safi. Sikuuliza la pili.

Kesho yake Mwanafatuma alitia kidole ndani ya debe, akakisugua na kidole gumba. "Hii mbona laini hivi?" akauliza. "Shahamu ya mbuzi huganda kama mshumaa."

"Joto, shemeji," nikamwambia.

"Ulimwona mbuzi akichinjwa?"

Hapo ningesema sikumwona. Lingekuwa neno moja, nalo lingenirudisha barabarani kwenda Ramisi na mguu wangu. "Kwa macho yangu," nikasema. "Beberu mwekundu. Na aliyemchinja ni Mwislamu, nilimsikia akisoma bismillahi." Rangi ya beberu hakuniuliza. Niliiongeza mwenyewe, kama muuzaji anayeongeza kipande baada ya kupima.

Akaniamini. Tukakoroga chokaa, tukaipaka deheni kwa viganja vitupu, kwa kuwa brashi haiingizi mafuta katika maungio kama kiganja. Hadi alasiri mashua iling'aa nyeupe tumbo zima. Kesho yake lilikuwa bamvua, siku ya kilele, na maji yalitarajiwa kuifikia saa tisa na kukamilika saa kumi.

Alfajiri ya kesho hiyo mama akafariki.

Alikuwa akiumwa mwezi mzima, hivyo hatukushtuka, tulilia tu. Lililotushangaza ni wasia wake. Siku tatu kabla alimwita Maalim Mwinyihaji, imamu wetu, akasema mbele yake na mbele yangu, "Nikifa anioshe Mwanafatuma, si mwingine." Maalim akamtazama, maana alizijua zile shikamoo na marahaba. Mama akasema, "Nimemwona miaka yote akiisafisha ile mashua. Mtu anayesafisha mbao vile hataniacha na taka." Nilipompa Mwanafatuma habari hizo alikaa chini palepale mlangoni, akajifunika uso kwa leso. Alilia mara moja siku ile, na baadaye sikumwona akilia tena.

Basi asubuhi ile alimwosha. Alichukua muda mrefu, kwa majani ya mkunazi na kafuri, na wanawake waliomsaidia wakatoka wakisema hawajaona maiti aliyeoshwa kwa upole kama ule. Kufikia saa nne mama alikuwa ameshavishwa sanda. Tulikubaliana tumsalie baada ya adhuhuri, na maji yakifika mashuani tuishushe, tumvushe, tumzike Bodo kabla ya magharibi. Hapakuwa na nafasi ya pili. Mashua isipoondoka na maji yale isingeondoka wiki mbili, na kwa joto lile maiti asingengoja hata asubuhi.

Maji yalikuwa bado nje kabisa Fondo alipokuja akivuka tope kwa miguu, viatu mkononi. Habari za msiba zilikuwa zimemfikia Msambweni. Akanipa pole, akanishika mkono, lakini hakuuachia.

"Waziri," akasema chinichini, "ile shahamu mlishaitumia?"

"Jana."

"Nisamehe. Bibi alinitafuta jana jioni akiuliza debe lake. Kulikuwa na madebe mawili pale stoo. La mbuzi bado lipo. Nililokupa ni la nguruwe."

Nilitazama viganja vyangu. Ndilo jambo la kwanza nililofanya, nikavitazama kana kwamba vitakuwa vimebadilika rangi. Nikamwambia Fondo aondoke, maji yasije yakamkuta njiani. Akaniambia yuko tayari kusimama mbele ya wazee aseme kosa ni lake. Nikamwambia hakuna haja, nitasema mwenyewe. Akaondoka.

Nilimkuta Mwanafatuma nyuma ya nyumba akikunja mkeka. Nilimweleza kila kitu bila kumtazama. Aliposikia neno nguruwe alinyoosha mikono yake mbele, mbali na nguo zake, akabaki ameinyoosha hivyo hivyo.

"Uliniambia ulimwona akichinjwa."

"Nilikosea, shemeji."

"Hukukosea. Ulinidanganya." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Nimeosha mikono hii kwa sabuni, Waziri. Sabuni tu. Kisha nimemwosha mama yako kwayo mwili mzima."

Kwa wasiojua, jambo lenyewe ni hili. Kwetu sisi uchafu wa nguruwe hautoki kwa sabuni. Kilichoguswa hutwaharishwa kwa kuoshwa mara saba, moja ya hizo kwa maji yaliyochanganywa na udongo. Mikono yake haikuwa imeoshwa hivyo. Kwa hiyo maji aliyommiminia mama, na mwili wa mama, na sanda, vyote vilikuwa vimenajisika. Na watu ishirini walikuwa wakisubiri kuisukuma mashua ile kwa mabega yao, tayari wametawadha, na majini kila kitakachoigusa kingenajisika.

"Tunyamaze," nikamwambia. "Sisi wawili tu ndio tunaojua. Mungu anajua hatukukusudia. Ukisema, watasema umefanya makusudi. Watasema umemlipiza kisasi mama kwa sababu ya mashua. Unawajua."

"Nawajua."

"Basi nyamaza."

"Aliniomba mimi," akasema. "Aliomba mikono hii. Nimpeleke kaburini na mafuta ya nguruwe mwilini, kisha nije nilale usingizi?" Akanipita akaenda msikitini, mikono bado ameinyoosha mbele kama mtu aliyebeba sinia.

Nilimfuata nyuma. Nilijua kitakachoulizwa.

Wanaume walikuwa wamekaa barazani nje ya msikiti. Mwanafatuma alisimama chini ya ngazi, akamwita Maalim, akasema mbele ya wote, bila kupunguza neno. Deheni ya mashua ina mafuta ya nguruwe. Ameipaka kwa mikono yake. Mikono hiyo imemwosha marehemu. Anaomba aambiwe la kufanya upesi, maji yanarudi.

Kila mtu akaanza kutazama viganja vyake, kwa kuwa walijua tuliipaka pamoja, na asubuhi nzima walikuwa wakinipa mkono wa pole. Maalim akawaambia kikavu kikigusa kikavu hakina neno, najisi hupita kwa umajimaji. Lakini sauti yake haikutulia. Hajawahi kuulizwa swali kama lile, na sura yake ilionyesha.

Aliyesimama ni Suleiman, mtoto wa ndugu yake mama, mtu wa sauti kubwa hata akiomba maji ya kunywa. "Miaka minne anagombana naye," akasema. "Miaka minne! Leo anamwosha kwa nguruwe, kisha anakuja hapa kutuambia bahati mbaya?"

"Suleiman, keti," akasema Maalim.

"Siketi. Aseme shahamu ile imetoka wapi. Nani ameileta kisiwani?"

Maalim akamgeukia Mwanafatuma. "Swali hilo lina haki yake, mwanangu. Nani ameileta?"

Mwanafatuma akanitazama. Hakunitazama kwa ukali. Alinitazama kama alivyokuwa akinitazama tukifika mahali pa maji madogo, akingoja nitie pondo. Nilifungua mdomo. Naapa niliufungua. Nikaona nyuso zote zile, na jeneza la mama ndani ya mlango, na nikamwona Suleiman ambaye angetembea na hadithi hiyo mpaka Vanga. Nikaufunga. Alinisubiri kwa muda ambao mtu angeweza kuvuta pumzi tatu au nne.

"Mashua ni yangu," akasema. "Kilichopakwa juu yake ni changu. Maalim, maji yanarudi."

Ndivyo ilivyokuwa. 

Maalim akaamua. Mikono yake itwaharishwe kwanza, kisha amwoshe marehemu upya mara saba, moja kwa udongo, kisha amwoshe josho lake la maiti. Suleiman akapiga kelele kwamba mwanamke yule asimguse tena. Maalim akamwambia, "Wasia ni wasia," na kwa mara ya kwanza siku ile alisema kama imamu. Sanda nyingine haikuwapo. Mwanafatuma alikuwa na tanga jipya la mashua, marekani nyeupe ambayo haijawahi kuguswa na upepo. Alimwambia mwanamke mmoja alitoe sandukuni alikate, yeye mwenyewe asiliguse kwanza. Halafu akapiga magoti uani, akaiosha mikono yake hadi viwikoni mbele ya wanawake wote, nao wakihesabu kwa sauti. Mbili. Tatu. Ya nne kwa udongo. Nilizisikia hesabu zile nikiwa njiani kwenda ufukweni, nami nilikuwa nimeshaiosha yangu kando ya kisima, peke yangu, bila wa kunihesabia.

Ilikuwa saa saba na nusu. Wanaume saba tulifunga vitambaa mikononi tukaanza kuikwangua deheni ile kwa visu na vipande vya chuma. Mafuta huwezi kuyatoa kwa maji, lazima kwanza mwili wake uondoke. Tuliikwangua hadi ubao ukatoka rangi yake. Chokaa na shahamu vikaanguka mchangani vipande vipande, tukavizoa tukavifukia mbali, kisha tukaanza kuiosha mashua yenyewe mara saba. Kila nilipogeuka, maji yalikuwa yamekaribia. Yalianza kama mstari mweupe kwenye mizizi ya mikoko, halafu yakawa kwenye mawe, halafu nikasikia yakipita kati ya magadi ya chini.

"Tano," akasema Suleiman akimwaga ndoo. Alifanya kazi kama punda, hilo sitamnyima. Josho la udongo lilikuwa limeshapita. "Sita."

Mawimbi madogo yalikuwa yakigusa mkuku. Tukamwaga la saba maji yakiwa kwenye vifundo vya miguu. Wakati huo huo jeneza likatokea kule juu limebebwa mabegani, limefunikwa kanga ya kijani, na nyuma yake, mbali kidogo na wanawake wengine, Mwanafatuma. Nguo zake zilikuwa zimelowa kifua kizima. Tukavua vitambaa, tukatawadha upya, tukamsalia palepale mchangani kwa haraka, safu ya mbele maji yakiwafikia vidole.

Tukatia mabega. Mashua haikusogea. Mara ya pili, haikusogea. Bila deheni tumbo lake halikuwa na utelezi, na lilishikana na magogo. Saa kumi ilikuwa imepita. Maji yalisimama, nami nilijua kusimama kule, baada yake huwa ni kurudi. Mwanafatuma akaingia majini na nguo zake. "Msisukume wote mbele," akasema kwa sauti ile ile ya kila siku. "Wa kushoto nyanyueni. Ubao mpya uko kulia, ni mzito, inalalia huko. Nyanyueni kushoto, halafu moja kwa moja." Wa kushoto walinyanyua. Ikatoka.

Tulimvusha mama. Kalafati ya Mwanafatuma haikuingiza hata tone. Yeye mwenyewe hakupanda. Alibaki ufukweni, maana Suleiman alikuwa amesimama mbele ya ubao wa kupandia. Nilipiga pondo mkondo mzima nikitazama kanga ya kijani. Tukamzika kabla ya magharibi, Alhamdulillahi, na nikasema mwenyewe moyoni kwamba kesho nitazungumza.

Kesho yake nilipewa kazi ya kumpelekea dada yangu habari za msiba. Aliolewa mbali, Mackinnon Road, na ilinibidi nikae naye mpaka atulie. Nilikaa siku kumi. Niliporudi Bodo nilikuta watu wamekaa ng'ambo na mizigo yao, na mashua imefungwa tupu upande wa kisiwani. Hakuna aliyekuwa ameipanda tangu siku ya maziko. Walipendelea tope.

Wazee waliniita. Walisema kisiwa hakiwezi kukaa bila kivuko, na watu hawatapanda chombo cha Mwanafatuma tena, na mimi ni ndugu wa Sefu. Walisema wameshazungumza naye, naye amekubali. Nikasema, "Kama mwenyewe amekubali." Hayo ndiyo maneno niliyoyapata.

Alinikabidhi asubuhi, ufukweni. Hakutaka kitu chochote kwangu. Alinionyesha mashua yote, ubao kwa ubao, kazi ambayo ilichukua mpaka jua likawa kichwani. Huyu hunywa maji wiki ya kwanza, usimwogope, atavimba azibe. Huyu taruma lake, ubavu unaomshika kwa ndani, lina ufa, mtazame kila mwezi. Deheni ni lazima ipakwe bamvua lijalo, kwa kuwa sasa tumbo liko wazi. Kila nilipotaka kusema lile langu, alitaja ubao mwingine. Alipomaliza akanipa pondo, akaenda zake nyumbani.

Nilikuwa mwenye mashua miaka kumi na mmoja. Bendera ilipandishwa Desemba ile, nikavusha watu bure waende kuitazama Msambweni, wakaniita nahodha. Mwanafatuma hakuipanda hata siku moja. Akiwa na safari alingoja maji yatoke, akakunja kanga, akavuka tope kwa miguu, kapu kichwani. Mara nyingi mimi nilikuwa katikati ya mkondo na abiria wangu, pale panapobaki maji kidogo, naye akipita hatua ishirini kutoka kwetu.

"Panda, shemeji," nikimwita.

"Ahsante, shemeji. Safari njema," akijibu, na abiria wote hutazama mikoko. Nilidhani wananionea aibu kwa sababu ya ukaidi wake.

Alifariki mwaka wa sabini na nne, kwa homa. Nilimvusha mimi. Kwetu, kabla ya maiti kusaliwa, ndugu yake husimama akauliza kama kuna mtu anayemdai marehemu, au aliyekosana naye, ili wasameheane. Pale Bodo aliyepaswa kusimama ni mimi. Nikauliza. Hakuna aliyemdai. Ndipo nikahisi siwezi kurudi safuni.

"Mimi ndiye anayenidai marehemu," nikasema. "Shahamu ile ya mwaka wa sitini na tatu niliileta mimi. Nilimwambia nimemwona mbuzi akichinjwa, na nilikuwa sijaona kitu. Aliponisubiri niseme, sikusema."

Nilitarajia kelele. Watu walikuwa wameinamisha vichwa. Suleiman, ndevu zake nyeupe tupu siku hizo, akanivuta mkono polepole.

"Tunajua, Waziri," akasema. "Yule mpishi wako alikuja Ijumaa iliyofuata maziko, ulipokuwa Mackinnon Road. Alitueleza yote barazani, debe lilivyokuwa na nani aliyelichukua."

"Na hamkusema?"

"Tulikwisha kukubaliana mashua iende kwako." Hakunitazama. "Watu walitaka mwanamume."

"Na yeye? Alijua kwamba mnajua?"

"Alikuwapo," akasema Suleiman. "Alikuwa amesimama chini ya ngazi. Alitusikiliza mpaka mwisho, akatuuliza kama sasa tutaipanda mashua yake."

Imamu akakohoa, akatuambia tunyooshe safu, maji yasije yakatuacha. Nikasimama safu ya kwanza, mahali pa ndugu.